Uswisi gani? Maziwa na volkano za Chile zina wenyewe

Kuna picha ambayo huenda ishapita kwenye simu yako. Mlima umechongoka kama kawa, umefunikwa theluji kuanzia mabegani hadi utosini, na chini yake ziwa limetulia tuli. Mbele kuna nyumba ya mbao yenye paa la mteremko mkali na maua ya waridi uani. Aliyeiweka ameandika maneno manne tu: Uswisi ya Amerika Kusini. Watu wanashangilia, wengine wanauliza nauli ni pesa ngapi.

Mlima huo ni Osorno, mita 2,652. Ziwa ni Llanquihue, la pili kwa ukubwa nchini Chile. Eneo lote lile, kuanzia Temuco kushuka hadi Puerto Montt, na ng'ambo ya milima ya Andes hadi Bariloche nchini Argentina, limejaa maziwa na volkano kiasi kwamba ukisimama ufuoni siku isiyo na mawingu unaweza kuhesabu vilele vitatu au vinne bila kugeuza shingo. Ni kuzuri kwa kweli. Hapo sina ubishi na mtu.

Ubishi wangu ni hilo jina. Uswisi gani? Nasema jina hilo ni uongo, tena si uongo wa bure, maanake kuna watu linawafuta. Na kijana Mkenya ndiye anayefaa kuushtukia uongo huo kabla ya wengine wote.

Kwa nini Mkenya? Kwa sababu sisi tumepewa majina ya aina hiyo tukayabeba miaka mingi. Ziwa Turkana liliitwa Rudolf hadi 1975, jina la mwanamfalme wa Austria ambaye hakuwahi kulitia machoni. Ziwa Bogoria liliitwa Hannington. Mji wa Thomson's Falls ulirudi kuwa Nyahururu, lakini maporomoko yenyewe bado tunayaita kwa jina la Mskoti aliyepita pale mwaka 1883 akaendelea na safari zake. Anayekuja na jina lake huja pia na habari zake za mahali hapo, na habari hizo mara nyingi huanza siku aliyofika yeye.

Sasa hebu tusome ramani ya kusini mwa Chile kwa jicho hilo. Utaona majina mengi yanaishia na "co". Temuco. Calbuco. Si bahati nasibu. "Ko" ni maji katika Mapudungun, lugha ya Wamapuche. Temuco ni maji ya mti wa temu. Calbuco, ambayo ni volkano jirani ya Osorno, ni maji ya samawati. Bariloche, ule mji ambao Waargentina wenyewe wanapenda kuuita Uswisi yao, unatokana na neno la watu wanaokaa nyuma ya mlima. Mapuche nalo ni maneno mawili: mapu ni ardhi, che ni watu. Watu wa ardhi. Ukisikia jina kama hilo halafu mtu akuambie eneo lilikuwa msitu mtupu, si unafaa kucheka?

Na hawa hawakuwa watu wa kusukumwa kirahisi. Wahispania walijenga miji yao huko katika karne ya 16. Mwaka 1598 Wamapuche wakamuua gavana wao vitani mahali paitwapo Curalaba, na katika miaka michache iliyofuata miji saba ya Wahispania kusini mwa mto Biobío ikaangamizwa au ikahamwa. Villarrica ilianguka 1602. Ilijengwa tena lini? 1883. Hesabu mwenyewe. Kwa karibu miaka 280, kando ya ziwa ambalo leo watalii wanakodi mashua za kupiga makasia, hapakuwa na mji wa mzungu.

Halafu kuna habari ya moto. Hii ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike.

Mwaka 1845 serikali ya Chile ilipitisha sheria ya kuleta walowezi kutoka nje. Waliolengwa zaidi ni Wajerumani, na aliyepewa kazi ya kuwatafutia mashamba alikuwa Vicente Pérez Rosales. Alipofika sehemu za Llanquihue alikuta msitu mzito wa mvua, wa kupitika kwa panga tu. Basi akamlipa mwenyeji mmoja aliyejulikana kama Pichi Juan auchome. Moto huo wa 1851 uliwaka takriban miezi mitatu. Si mimi ninayemsingizia. Pérez Rosales alieleza mwenyewe katika kitabu cha kumbukumbu zake, wala hakuonyesha kuona haya. Mwaka uliofuata familia za Wajerumani zikaanza kugawiwa viwanja kando ya ziwa, kwenye majivu.

Katika msitu ule mlikuwa na mti uitwao alerce. Ni mti unaokua polepole ajabu, na ulio mzee kuliko yote waliyohesabu pete zake ulikuwa umevuka miaka 3,600. Yaani ulichipuka kabla ya Ugiriki ya kale ile tunayosoma vitabuni. Ile mbao ya paa na ya kuta katika picha yako, vile vigae vidogo vilivyopangwa kama magamba ya samaki, kwa desturi vilipasuliwa kutoka mti huo. Jina lake la kisayansi ni Fitzroya, kutokana na FitzRoy, nahodha wa meli iliyombeba Charles Darwin. Darwin mwenyewe aliona Osorno ikitapika moto usiku mmoja wa Januari 1835, akiwa kisiwani Chiloé. Wamapuche wana jina lao la mti huo, lahual. Lakini wewe ukiutafuta kwenye vitabu vya mimea utampata nahodha.

Sasa twende kwenye kilele cha mambo. Mwaka 1926 Chile ilitenga eneo la Osorno kuwa hifadhi ya taifa. Ndiyo hifadhi kongwe zaidi kati ya zilizopo nchini humo. Ndani yake mna Ziwa Todos los Santos lenye rangi ya zumaridi, na mna maporomoko ya Petrohué ambapo maji yanapita kwenye mawe meusi ya lava kwa kishindo. Watalii hawakosi hapo mwaka mzima. Na hifadhi hiyo, ya kulinda msitu, inaitwaje? Hifadhi ya Taifa ya Vicente Pérez Rosales.

Soma tena. Aliyelipa msitu uchomwe ndiye aliyepewa msitu uliobaki uwe ukumbusho wake.

Sisemi hivi ili tuwachukie wajukuu wa walowezi. Wengi waliokuja walikuwa wakulima na mafundi wa kawaida waliokimbia shida kwao Ujerumani, wakashushwa kwenye matope na mvua isiyokatika. Walifanya kazi hadi mgongo ukaisha. Keki zao, ambazo hadi leo zinaitwa kuchen kwa Kijerumani chao, ni sehemu ya chakula cha Chile sasa. Mji wa Frutillar una ukumbi wa muziki umejengwa ukingoni mwa ziwa, ulifunguliwa 2010, na hata picha yake tu inapendeza. Haya yote ni kweli na mtu ayafurahie. Lakini ukizunguka Puerto Varas na Frutillar siku nzima, makumbusho ya walowezi, kanisa la mtindo wa Kijerumani, keki, maua, unaweza kuondoka ukidhani ziwa hilo lilizaliwa 1852.

Upande wa kaskazini zaidi, kwenye mkoa wa Araucanía wenye miji ya Pucón na Villarrica, mambo yalikuwa ya bunduki waziwazi. Kati ya 1861 na 1883 jeshi la Chile liliteka nchi ya Wamapuche, na serikali ikaiita kazi hiyo "kutuliza". Argentina nayo ikafanya yake kuanzia 1878 chini ya Jenerali Julio Roca, ikaiita "kuteka jangwa", jangwa ambalo lilikuwa na watu na mifugo yao. Baada ya vita, Chile iliwapimia Wamapuche vipande vya ardhi takriban hekta 500,000, karibu asilimia 5 ya waliyokuwa nayo. Sehemu kubwa ya iliyobaki ikapigwa mnada au kupewa walowezi.

Mkenya hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mwaka 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka kandokando ya Naivasha na Nakuru kwa mkataba wa karatasi, wakapelekwa Laikipia, na 1911 wakaambiwa wahame tena. Nako ni bondeni, kwenye maziwa na volkano. Leo tunaenda Naivasha kuendesha baiskeli katika Hell's Gate, tunapiga selfi, tunarudi Nairobi jioni. Wangapi kati yetu wanalijua lile korongo kwa jina la Ol Njorowa?

Kuna watakaosema, "Wewe nawe! Mtu amejinyima miaka mitano apate nauli, amefika, halafu unataka umharibie likizo kwa somo la historia?" Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba mwenye kuharibu likizo si mimi. Asiyejua anachokitazama anaona kidogo kuliko alicholipia.

Chukua mlima wa Villarrica. Ni mojawapo ya milima michache duniani ambayo shimoni mwake mara nyingi mna ziwa la lava inayochemka. Kampuni za Pucón hukupeleka juu kwa saa tano hivi, umevaa viatu vya meno ya chuma, kisha mnateleza kwenye theluji kwa makalio hadi chini. Raha tele. Mjini kuna taa kama za trafiki zinazoonyesha hali ya mlima: kijani, manjano, chungwa, nyekundu. Machi 2015 ulilipuka usiku, lava ikaruka kama fataki na maelfu ya watu wakaondolewa. Mwaka 1964 theluji yake iliyeyuka ghafla, mafuriko ya matope na mawe yakakizoa kijiji cha Coñaripe. Kwa Wamapuche mlima huo ni Rukapillán. Ruka ni nyumba, pillán ni roho yenye nguvu. Nyumba ya roho. Kwa wengi wao mlima wa namna hiyo haukanyagwi ovyo. Una mwenyewe, na mwenyewe huombwa ruhusa kwanza. Unaweza usiamini roho, ni sawa. Lakini kati ya jina linalokuambia "mji tajiri", maana ndiyo maana ya Villarrica kwa Kihispania, na jina linalokuambia kuna aliye hai humo ndani, lipi limeuelewa mlima?

Calbuco nayo ilikaa kimya zaidi ya miaka 40, kisha jioni ya Aprili 22, 2015 ikalipuka karibu bila kutoa ilani. Picha zake zilizunguka dunia nzima: wingu la majivu limesimama juu ya Puerto Varas kama uyoga, radi zinapita ndani yake. Kijiji cha Ensenada kilizikwa na vumbi la mawe, mapaa yakaporomoka. Miaka minne kabla yake, Juni 2011, Cordón Caulle ililipuka na majivu yake yakazunguka nusu hii ya kusini ya dunia hadi ndege zikasimamishwa Australia. Bariloche na Villa La Angostura zilifunikwa kijivu. Hebu niambie, Uswisi ni lini imefanya hivyo?

Kitu kingine ambacho picha haikuonyeshi ni mashamba ya miti. Mwaka 1974, chini ya utawala wa kijeshi, Chile ilitoa amri ya kuyapa ruzuku makampuni yapande misonobari na mikaratusi. Ukisafiri kwa basi kutoka Santiago, kilomita kama 1,000 hadi Puerto Montt, utaipita saa baada ya saa, imepangwa mistari kama askari. Mtalii anaona kijani anafurahi. Mwanakijiji anaona kisima kinakauka, na hapa nyumbani kila mkulima anajua tabia ya mkaratusi kwa maji. Sehemu kubwa ya miti hiyo imesimama kwenye ardhi ambayo Wamapuche wanadai ni yao. Ndiyo maana malori ya mbao yanachomwa, ndiyo maana tangu 2022 hali ya dharura katika Araucanía imerefushwa tena na tena, na unaweza kukutana na magari ya jeshi barabarani. Novemba 2018, Camilo Catrillanca, kijana wa miaka 24, alipigwa risasi na polisi akiwa anaendesha trekta katika mkoa huo huo. Polisi walisema kulikuwa na mapambano. Baadaye video zikaonyesha vingine, na aliyempiga risasi akahukumiwa. Kijana wa Kenya anaelewa sentensi hizo bila kamusi.

Wamapuche hawajaisha, hilo lieleweke. Sensa ya Chile ya 2017 ilihesabu watu takriban milioni 1.7 waliojitambulisha hivyo, karibu mtu mmoja kati ya kila kumi. Mwaka 2021 aliyechaguliwa kuongoza kongamano la kuandika katiba mpya ya Chile alikuwa Elisa Loncón, mwanamke Mmapuche, msomi wa lugha, akafungua hotuba yake kwa Mapudungun. Rasimu ile ilikataliwa kwa kura Septemba 2022. Hilo ni jambo refu, lina siku yake.

Kwa hiyo nasema nini, watu wasiende? La hasha. Nendeni. Viza, nauli na baridi ni vita vyenu wenyewe, siviingilii. Ninachosema ni kwamba pesa ya mtalii huwa inachagua, hata mtalii mwenyewe asipochagua. Ukifuata picha tu, pesa yako yote itaishia kwenye hoteli ya ukingoni, duka la chokoleti la Bariloche na ile safari ya kuvuka Andes kwa mashua na mabasi kutoka Petrohué hadi Bariloche, ambayo ni nzuri mno na ni ghali mno. (Ernesto Che Guevara alipita kwenye maziwa hayo mwaka 1952 akielekea Chile, na wao walikuwa na pikipiki mbovu na mifuko mitupu, kwa hivyo usijisikie vibaya.)

Ila kuna njia nyingine. Kutoka Pucón, ukielekea mpaka wa Argentina, kuna mji mdogo wa Curarrehue ambako akina mama wa Kimapuche wanapika vyakula vyao wenyewe: mbegu za mti wa pehuén zilizochemshwa, ambazo watu wa milimani wameishi kwazo vizazi na vizazi, na pilipili ya moshi iitwayo merkén. Kando ya bahari upande wa Osorno, jamii za Wamapuche wa kusini zimeunganisha misitu yao chini ya jina Mapu Lahual, yaani ardhi ya alerce, na wao ndio wanaokutembeza. Jina la mti limerudi mahali pake. Kule Argentina, karibu na Villa Pehuenia, kuna volkano iliyozimika inaitwa Batea Mahuida, na kituo cha kuteleza kwenye theluji kilichoko pale kinaendeshwa na jamii ya Kimapuche ya Puel. Kutoka juu unaona maziwa na volkano za nchi mbili, na tiketi umemlipa mwenye mlima.

Ukifika Bariloche, pita kwenye uwanja wa katikati ya mji, ule wa majengo ya mawe ambayo kila mtu hupiga picha. Pale kuna sanamu ya Jenerali Roca juu ya farasi. Angalia miguu ya farasi na ngazi za chini. Rangi waandamanaji wanazommwagia husafishwa, zinarudi, husafishwa tena.

Na kama safari yako ni Januari, acha nguo nyeusi nyumbani. Kuna nzi wakubwa weusi wanaotokea msimu huo pembezoni mwa maziwa, wanawaita tábano. Wanapenda rangi za giza na wanauma hasa.